Baba aliniita mvivu, kumbe ni kimeng'enya. Nimwambie mdogo wangu?

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, sijaoa. Miezi mitatu iliyopita niliambiwa nina ugonjwa wa McArdle. Jina hilo sikuwahi kulisikia maishani. Naomba unisome hadi mwisho, maana kinachoninyima usingizi si ugonjwa peke yake.

Tangu utotoni misuli yangu ilikuwa na tabia ya ajabu. Nikianza kukimbia, dakika mbili haziishi mapaja yanawaka na kukaza kama yamefungwa kamba. Baba yangu alikuwa mwalimu wa michezo. Kwamba mtoto wake wa kwanza hawezi kuzunguka uwanja hata mara moja ilikuwa aibu kwake mbele ya walimu wenzake, na niliiona usoni mwake. Akawa ananiamsha alfajiri tukimbie pamoja. Mimi nasimama, nashika magoti, yeye anarudi na kunisimamia bila kusema neno. Kisha tunatembea. Sasa hapa ndipo penye maajabu: tukishatembea polepole kama dakika kumi hivi, mwili unafunguka. Maumivu yanaondoka, naweza kwenda kwa haraka hadi nyumbani. Baba alikuwa anangoja hapo hapo. "Umeona? Miguu ilikuwa mizima. Ulikuwa unajifanya." Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi nilianza kuamini kwamba najifanya.

Siku moja, akiwa na hasira, alisema uvivu huu nimeurithi kwa wajomba zangu. Mama alikuwa anasikia. Akainamisha kichwa, akaendelea na kazi yake.

Nikiwa na miaka 19 nilimsaidia rafiki kuhama. Nilipandisha begi zito la vitabu hadi ghorofa ya tatu, na nilipolitua vidole vikagoma kufunguka. Begi liko chini, mkono wangu bado umekunjwa kama umelishika. Rafiki alijaribu kuninyoosha kidole kimoja kimoja, nikapiga kelele. Usiku ule nilikojoa mkojo mweusi kama kahawa. Nikanywa maji mengi, siku ya tatu rangi ikarudi. Sikumwambia mtu.

Mwaka huu yakajirudia kwa ubaya zaidi, nikalazwa siku 5. Daktari mmoja kijana akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukiendelea kutembea polepole, maumivu hupungua?" Machozi yalinitoka palepale kitandani. Kipimo cha jeni kikathibitisha. Akanichorea mti wenye matawi mengi kwenye karatasi, akasema hiyo ndiyo glaikojeni, sukari ambayo misuli hujiwekea akiba. Kwenye ncha ya tawi akachora mkasi. "Mkasi huu ni kimeng'enya, protini inayoikata sukari hiyo ili itumike," akasema, kisha akaukata kwa mistari miwili. "Akiba unayo, tena tele. Mkasi ndio huna." Karatasi hiyo naitembeza ndani ya pochi.

Sasa kuna mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Ana miaka 21, amechaguliwa kwenda mafunzo ya jeshi na anaripoti baada ya wiki 6. Mwezi uliopita tulipanda ngazi pamoja. Katikati akasimama, akajisugua mapaja, akacheka na kusema amezeeka. Daktari alishaniambia kwamba ndugu wa tumbo moja anaweza kuwa na hali hii. Nikimwambia, huenda nikamvunjia ndoto kwa kitu ambacho hana. Nikinyamaza, kila nikifumba macho namwona yuko kambini, anakojoa ule weusi.

Na nikisema, baba atajua. Mdogo wangu ndiye mtoto aliyemtamani: mkimbiaji, mcheza mpira, na sasa mwanajeshi. Mimi ni yule mwingine. Zaidi ya miaka ishirini ameniweka kwenye fungu la wavivu. Siku nyingine natamani nimtupie karatasi ile mezani nimtazame uso. Siku nyingine najiambia ana miaka 68, moyo wake si mzima, nimwongezee mzigo wa nini? Mama naye ataanza kujilaumu, kwa sababu ya yale maneno ya wajomba.

Nifanye nini?

Msomaji, nimechoka kunyamaza


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara zote nimekwama pale baba anapokuambia "umeona?" baada ya zile dakika kumi. Kabla ya kumgusa mdogo wako, niruhusu tukae hapo kidogo, maana naona mtoto yule aliyeshika magoti bado anangoja mtu amjibie.

Glaikojeni ni maelfu ya glukosi, yaani chembe za sukari ya mwilini, zilizoungana kama mti wenye matawi, kama daktari alivyokuchorea. Misuli yote ya mtu mzima huhifadhi kama gramu 400 hivi, na ini karibu 100. Unapoanza kukimbia au kuinua kitu kizito, misuli haina muda wa kungoja chakula kutoka mbali. Inageukia akiba iliyomo ndani yake. Kimeng'enya kiitwacho fosforilasi hukata glukosi kwenye ncha za matawi, moja baada ya nyingine. Kikibakiza glukosi nne kabla ya njia panda ya tawi kinasimama, na kimeng'enya kingine kinapokea kazi pale kwenye kiungo. Yote haya hutokea mtu akiwa bado hajamaliza hatua kumi za kwanza. Misuli yako haina fosforilasi inayofanya kazi. Akiba imejaa, lakini hailiki. Ndiyo maana mapaja yalikuwa yanawaka, na ndiyo maana vidole vilibaki vimekunjwa: msuli unahitaji nguvu hata kujilegeza, si kujikaza tu.

Sasa zile dakika kumi. Ini lako lina fosforilasi yake, inayotokana na jeni nyingine, nayo ni nzima. Unapotembea polepole, ini linamwaga glukosi kwenye damu, mafuta ya mwilini yanaanza kuyeyushwa, na mishipa inapanuka kuyafikisha yote mawili kwenye miguu. Hilo huchukua dakika sita, nane, wakati mwingine kumi. Yakishafika, misuli inapata chakula kwa mlango mwingine, mapigo ya moyo yanashuka na mtu anajiona amefunguka. Madaktari huiita hali hiyo pumzi ya pili, na ndiyo alama inayoutambulisha ugonjwa huu kuliko karibu zote. Hebu isome tena sentensi hiyo. Kile alichokitumia baba kama ushahidi kwamba unajifanya ndicho hasa kilichokuwa kinaonyesha kwamba unaumwa. Hukujifanya hata siku moja.

Silisemi hili ili umchukie. Brian McArdle, daktari wa London, aliandika habari za mgonjwa wa kwanza mwaka 1951, kijana wa miaka 30 ambaye misuli yake ilikaza kila alipoitumia na damu yake haikuonyesha asidi ya laktiki inayotarajiwa kupanda mtu anapofanya kazi ngumu. Hata kimeng'enya chenyewe kinachokosekana hakikujulikana hadi 1959. Ni hali adimu, na mpaka leo watu wengi wenye nayo hufikisha utu uzima kabla ya kuambiwa wana nini, ingawa dalili wanazo tangu utotoni. Walimu wa michezo hawafundishwi jambo hili. Lakini pia silisemi ili kumtetea. Mtoto aliumia, na mtu aliyemsimamia hakuinama kumuuliza. Mambo haya mawili yote ni kweli, wala sioni sababu ya wewe kulifuta moja ili kulitunza lingine.

Haya, mdogo wako. Umeniuliza useme au unyamaze, na nyuma ya swali hilo nasikia kana kwamba umeshampima na ukapata majibu. Tuliangalie taratibu. Ugonjwa wa McArdle hutokea mtu anapopokea nakala mbili zenye kasoro za jeni moja, moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wako, kila mmoja kwa kawaida anabeba moja mbovu na moja nzima, na kwa kuwa nzima inatosha, hawaumwi. Kwa mdogo wako hesabu ni moja kwa nne kwamba anao. Maana yake ni tatu kwa nne kwamba hana, ingawa huenda akawa mbebaji kama wazazi. Na mtu kusimama kwenye ngazi akajisugua mapaja, hilo peke yake ni jambo dogo. Watu wazima kabisa husimama kwenye ngazi. Wewe umeandika kwamba yeye ni mkimbiaji na mcheza mpira. Je, hukimbia namna gani? Huanza kwa kasi na wenzake, au ni yule anayechelewa kuchangamka kisha anawapita? Baada ya mechi huwa anaumwa kama wengine, au hukaa siku mbili haongei na mtu? Wewe unamjua, mimi simjui. Nauliza kwa sababu hofu yako inaona mkojo wako mwenyewe ndani ya mwili wake, na hofu ya namna hiyo ina haki ya kusikilizwa lakini haina haki ya kutoa majibu ya hospitali.

Upande wa pili nao una uzito, wala sitakuficha. Mafunzo ya kijeshi yamejengwa juu ya mambo yaleyale yanayoidhuru misuli ya namna yako: kunyanyua mizigo, kuchuchumaa kwa muda, kusukuma mwili kwa mikono, kukimbia kwa ghafla, na mtu wa kukuamrisha usisimame. Msuli usiopata nguvu huvunjika. Protini yake iitwayo mayoglobini humwagika kwenye damu na kupita kwenye figo, ndiyo ule weusi uliouona ukiwa na miaka 19, na ikizidi figo husimama. Na uchunguzi wa kawaida wa kumpokea mtu kazini hautafuti jeni hii. Kama anao, anaweza kupita mezani kwa daktari akitabasamu.

Basi njia ulizonazo ni zipi? Ya kwanza ni kumwambia sasa, kabla ya zile wiki 6 kwisha. Ukiichagua, nafikiri kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia "nadhani unaumwa" na kumsimulia yaliyokupata wewe. La kwanza ni hukumu, na kijana aliyechaguliwa juzi atalipinga kwa nguvu zake zote. La pili ni habari ya kaka yake, na hana sababu ya kuipinga. Hatari yake? Anaweza kukasirika. Anaweza kusema unamwonea wivu, na maneno hayo yatakuchoma kwa sababu umekulia kwenye nyumba iliyowapima ninyi wawili kwa mizani moja. Anaweza pia kuogopa, akakuomba usimwambie mtu, akaenda kuripoti hivyo hivyo. Jiandae moyoni kwa hilo la mwisho, maana ni mtu mzima wa miaka 21, na mwili ni wake.

Ya pili ni kungoja. Huenda akamaliza mafunzo salama na wewe ukabaki na amani ya kutomvuruga. Huenda pia simu ikalia usiku. Wewe ndiye utakayeishi na miezi hiyo ya kungoja, na barua yako inaniambia kwamba wiki chache tu zimeshakuchosha.

Ya tatu ni kumtumia mtu wa tatu. Daktari aliyekuhudumia anaweza kukuelekeza kwa mshauri wa masuala ya jeni, au akakubali mwende wote wawili, akaeleza yeye. Hapo linakuwa jambo la kitabibu, linapoa. Lakini mdogo wako anaweza kuuliza kwa nini umempeleka kwa mgeni badala ya kumwambia mwenyewe mkiwa wawili.

Nakupa na jambo moja dogo ambalo huenda likapunguza ukubwa wa uamuzi. Kabla ya kufika kwenye jeni, kuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoangalia kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli, kreatini kinasi. Kwa watu wenye McArdle karibu siku zote huwa juu hata wakiwa wamepumzika. Mtu yeyote aliyefanya mazoezi makali anaweza kuwa nacho juu, kwa hiyo ni vizuri apumzike siku kadhaa kwanza. Kikiwa cha kawaida, mtapumua. Kikiwa juu, mtajua kwamba kuna jambo la kufuatilia. Lakini hapa nakuomba umwache yeye aamue kama anataka kujua, na mapema mwulize daktari majibu yanaandikwa wapi na nani anaweza kuyaona. Wewe kujua kwako kumekuletea nafuu. Kwake, kujua kunaweza kumfungia mlango wa jeshi. Usimdharau akisema anataka siku mbili za kufikiri.

Lolote utakaloamua kuhusu ugonjwa, kuna habari moja ambayo haihitaji jina la McArdle wala kipimo chochote, nayo inamfaa kila anayekwenda mafunzo magumu: mkojo ukigeuka mweusi au rangi ya kahawa baada ya kazi nzito, au msuli ukivimba na kukaza usilegee, usingoje kesho, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Na wewe pia. Yale maji uliyokunywa peke yako ukiwa na miaka 19 yalikusaidia, lakini safari nyingine huenda yasitoshe. Na ukiwa kwa daktari, mkumbushe hali yako kabla ya upasuaji wowote na kabla ya kuandikiwa dawa za kushusha kolesteroli, kwa kuwa baadhi yake hugusa misuli.

Sasa nije kwa baba, na hapa naomba univumilie. Umeniandikia kuhusu mdogo wako, lakini aliyechukua nafasi kubwa ya barua ni mzee. Mdogo wako amepata ngazi moja na kicheko kimoja. Baba amepata alfajiri zote. Silaumu. Nauliza tu: haya ni mazungumzo mamoja au mawili? Nikikutazama kwa mbali naona umeyafunga kamba moja, kiasi kwamba huwezi kumwonya mdogo wako bila kumhukumu baba, na huwezi kumhurumia baba bila kumwacha mdogo wako gizani. Yangetenganishwa, pengine kila moja lingekuwa jepesi. Hili la mdogo wako lina tarehe. La baba limengoja zaidi ya miaka ishirini, na hakuna kalenda inayokuambia uliseme mwezi huu. Unaweza kumwomba mdogo wako libaki kati yenu kwa sasa. Anaweza kushindwa kulitunza, ni kweli, lakini utakuwa umeliomba.

Ile tamaa ya kutupa karatasi mezani naielewa, wala sitakuambia ni dhambi. Nitakuuliza tu unatarajia kuona nini kwenye uso wake. Kama ni majuto, huenda ukayaona. Huenda pia ukamwona mzee akiikunja karatasi na kusema madaktari wa siku hizi wanapenda majina. Ukienda, nenda ukiwa umejiuliza kwanza kama utaweza kurudi nyumbani ukiwa mzima hata akijibu hivyo. Kuhusu moyo wake, daktari wake anamjua kuliko sisi, lakini wazee wengi wamebeba habari nzito kuliko tunavyodhani, na wengine wamekufa wakiwa hawakupewa nafasi ya kusema "nisamehe". Hapo sikusukumi upande wowote.

Ila mama nisingependa umsahau. Yule aliyeinamisha kichwa. Maneno ya wajomba hayakuwa kweli, na hili silisemi kwa hisia: bila nakala ya baba, ile ya mama peke yake isingekuumiza. Imetoka kwa wote wawili, bila mmoja wao kujua wala kutaka. Uangalie tu isije ikageuka silaha mpya, kwamba safari hii lawama ihamie kwa baba. Jeni haina mkosaji. Lakini mama akiambiwa hilo na mtoto wake, pembeni, bila mtu wa tatu, sijui kama kuna zawadi kubwa zaidi ya hiyo utakayompa.

Na wewe mwenyewe, mwanangu. Kwenye barua nzima hujaniambia sasa unaishi vipi. Wengi wakishapewa jina la ugonjwa huu huacha kabisa kujisogeza, kwa hofu. Mwendo wa taratibu wa mara kwa mara, kwa kibali cha daktari wako, huwasaidia wengi wenye hali yako, kwa sababu unaizoesha misuli kupokea chakula kutoka kwenye damu. Masharti yake ni yale unayoyajua tangu utoto: anza polepole, ukikaza simama, kisha endelea.

Kwa hiyo, kama utaamua kumwambia mdogo wako na hujui pa kuanzia, mwombe mtoke mtembee, mwendo wako wewe. Mapaja yatakapoanza kukaza, simama kama unavyosimama siku zote, na safari hii mwambie kwa nini umesimama. Karatasi ya daktari iwe kwenye pochi. Hapo mtakuwa mmebakiza kama dakika nane kabla mwili haujafunguka, muda unaotosha kumwonyesha ule mti na ule mkasi. Ukiwa tayari, niandikie tena.